Na ya kutolea

Mama muuza nyanya pale Soko la Majengo, Dodoma, alinijazia sado, akaongeza vitunguu na fungu la hoho, jumla ikaja shilingi 12,000. Nikatoa simu. Kwenye mbao za kibanda chake palikuwa na vibandiko vitatu vya lipa namba, zile namba za kulipia wafanyabiashara, kila kimoja na rangi za mtandao wake, kimoja kimebanduka nusu. Nikamuuliza nilipie kwenye kipi.

"Achana na hivyo, kaka. Nitumie kwenye namba yangu ya kawaida. Na ya kutolea weka."

Nikatuma, nikaweka na ya kutolea, yaani makato atakayokatwa kwa wakala akitoa noti, nikabeba mfuko wangu.

Maneno hayo si mageni kwa yeyote anayesoma hapa. Ila siku hiyo yaligoma kunitoka kichwani, kwa sababu asubuhi yake mdogo wangu, aliyeanza mwaka wa kwanza UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti: simu yake haina nafasi, anataka programu moja tu ya fedha, ya kutuma hela nyumbani na kununulia vitu mtandaoni. Apakue ipi? Nikamjibu kikubwa, kwamba jioni nitampa jibu.

Jioni hiyo ikageuka wiki kadhaa.

## Daftari la makato

Nilichukua daftari, nikachora mistari. M-Pesa. Mixx by Yas (ambayo kwetu itabaki kuitwa Tigo Pesa hadi kiama). Airtel Money. HaloPesa. Upande wa pili programu za benki, NMB Mkononi na SimBanking ya CRDB. Kila moja nikaiandikia makato ya kutuma ndani ya mtandao, kutuma mtandao mwingine, kutoka benki kwenda kwenye simu, na kulipia dukani.

Daftari lilipendeza. Halikunisaidia.

Kwanza, viwango hubadilika, na leo ukijaza safu, kesho kuna ofa. Pili, kwa kiasi ambacho mtu wa kawaida anamtumia mtu wa kawaida, tofauti kati ya mtandao na mtandao haikuwa ya kumhamisha mtu. Tena ule ukuta wa zamani, kwamba mwenye Tigo ahangaike kutafuta mtu wa Voda wa kumtumia, ulishaanguka: mitandao ilianza kuunganishwa mwaka 2014, Vodacom ikaingia 2016, na sasa Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo kwa hapo, TIPS, unaounganisha mabenki na simu. Kwa maana ya kufika, hela inafika tu, utumie unachotaka.

Kilichonishitua ni kwamba safu zangu zote zilihusu kutuma. Watu hawalii kwenye kutuma. Watu wanalia kwenye kutoa.

Mnaikumbuka tozo ya serikali kwenye miamala ya simu, ya Julai 2021. Ilianza tarehe 15, ikapanda kwa ngazi kulingana na kiasi, juu kabisa ikigusa shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, nayo ilikuwa juu ya makato ya kampuni yenyewe. Hapa Dodoma wengine tulirudi kwa makonda: bahasha ya kaki, jina na namba ya simu kwa kalamu nzito, inapanda basi la asubuhi kwenda Kondoa. Kelele zikawa kubwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Bajeti ya 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma.

Kwenye kutoa ikaachwa.

Nilipoliandika hilo pembeni ya daftari, swali la mdogo wangu likabadilika. Kuuliza programu ipi ni nafuu kutumia hakutoshi. Inabidi uulize kwanza hela unayoituma inaishia wapi, na ikifika huko inabaki kwenye simu au lazima igeuke noti. Ikibaki kwenye simu, karibu programu zote ni sawa. Ikilazimika kuwa noti, kuna mtu mezani anayeibadilisha, kuna makato, na kuna mmoja wenu atakayeyabeba.

## Kwa nini mama hapendi vibandiko vyake

Nilirudi Majengo siku nyingine ambayo haikuwa na foleni, nikamuuliza yule mama waziwazi. Alicheka. Vibandiko, akasema, vililetwa na vijana wa kampuni wenye fulana, wakamsajili na kuondoka. Hela inaingia kweli. Lakini nyanya zake zinatoka Ilula, Iringa, zinashuka kwenye fuso alfajiri, na mwenye nyanya anataka noti mkononi gari likiwa bado linawaka. Hela ya kwenye lipa namba kwake ni hela iliyo safarini.

"Nikimaliza kuitoa, faida ya sado nzima imeishia kwa wakala," akasema. "Sasa wewe unayetaka kulipa kwa simu, si ndiyo uibebe?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtetea mteja. Hoja ya mteja ipo na ni ya haki: bei ni bei, kwa nini mwenye simu alipe zaidi ya mwenye noti? Lakini siku hiyo sikuwa na la kumjibu. Laiti mwenye fuso angekubali lipa namba, na mkulima wa Ilula naye, na wauza mbolea wa mkulima, yale maneno "na ya kutolea" yangekufa yenyewe bila kampeni. Yanaishi kwa sababu mahali fulani kwenye mnyororo kuna mtu anayedai karatasi.

Nikalinganisha na maduka ya mitaa ya Kisasa na Ilazo. Huko unalipa lipa namba, muuzaji anachungulia jina kwenye simu yako, mnaagana. Hakuna anayetaja kutolea, kwa sababu jioni yule muuzaji naye ananunua umeme wa LUKU, analipa bili ya maji ya DUWASA kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), anamlipa msambazaji wa soda, vyote ndani ya simu. Ni mji mmoja na programu ni zilezile. Kinachotofautiana ni anayefuata baada ya muuzaji.

## Laini ya pili ya mama mdogo

Nyumbani kwetu ni wilaya ya Mpwapwa, kijiji ambacho sitakitaja maana mama mdogo anao wajukuu wanaosoma mitandao. Kijiji kina mawakala wawili. Mmoja ana miavuli na mabango ya kampuni zote, mwingine ana duka la sukari na sabuni na laini ya mtandao mmoja tu. Wa kwanza huwa hana noti. Wa pili huwa nazo, kwa sababu watu wananunua sukari.

Ukikaa nao utaelewa kitu ambacho programu haikuonyeshi. Siku ya mnada, wenye mbuzi na ng'ombe wakishauza, wanakimbilia kuweka hela. Wakala anajaa noti, floti, yaani salio lake la kwenye simu, inamwishia. Kutoa siku hiyo ni raha, kuweka ni shida. Katikati ya wiki mambo yanageuka: floti ipo, noti hakuna. Mimi niliye mjini nikibonyeza "tuma" Jumatano saa kumi jioni, nampa mama mdogo ujumbe wa kusoma tu. Hela ataiona baadaye.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua. Tunatumia mtandao wa yule wa duka la sukari, basi. Nikampigia mama mdogo kumweleza.

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, hapana. Tuma kwenye ile laini nyingine."

"Lakini mama, yule wa laini nyingine hana hela."

"Tuma tu huko."

Nilimsukuma kwa upole, naye akazunguka, mara mtandao unasumbua, mara ile laini ameizoea. Mwishowe mjukuu wake akaniambia pembeni. Mama mdogo alikuwa amechukua mkopo wa simu. Kiasi kidogo, cha dawa, kisha kingine cha kulipia kile cha kwanza. Hela yoyote ikigusa laini ile, deni linajikata lenyewe kabla hajaisoma meseji. Nilipotuma ya mbolea mwezi ule mwingine, ilimezwa, na yeye akaona haya kuniambia, akanishukuru kwenye simu kwa hela ambayo hakuishika.

Hapo ndipo nililifunga daftari.

Sina ugomvi na mikopo ya simu kwa ujumla. Imewavusha wengi usiku wa homa, na benki hazikuwahi kumkopesha mama mdogo hata shilingi. Ila linganisho langu lote la makato lilikuwa halijui kwamba mpokeaji ana sababu zake za kuchagua mtandao, na nyingine hatazisema mbele ya mtoto wa dada yake. Siku hizi kabla ya kutuma nauliza, "Nitume wapi?" na jibu lolote nalipokea bila kuhoji. Ni adabu ndogo, na inaokoa hela kuliko jedwali.

Kuna na la jina. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uwe wa lazima, na laini zisizosajiliwa zianze kuzimwa Januari 2020, wazee wasio na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, walisajiliwa laini na watoto na wajukuu. Kwa hiyo nikituma kwa bibi yangu, jina linalokuja kabla sijaweka namba ya siri ni la binamu yangu wa kiume aliyeko Manyoni. Laini ni ya bibi midomoni mwa watu tu. Kwenye vitabu, ile hela ni ya binamu. Ni kijana mwema. Lakini angekuwa si mwema?

## Kariakoo ndani ya Instagram

Nusu ya pili ya swali la mdogo wangu ilikuwa kununua mtandaoni, na hapa mantiki yote inageuka kichwa chini.

Nyumbani unamjua anayepokea. Mtandaoni humjui. Jumia walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, na kwa watu wengi wa mikoani ninaowafahamu, "mtandaoni" maana yake ni ukurasa wa Instagram wenye picha za viatu, namba ya WhatsApp, na maneno "tunatuma mikoa yote". Unalipa kwanza. Mzigo unapanda basi, unashukia Stendi Kuu ya Nzuguni, unaufuata na bodaboda. Mara nyingi mambo yanakwenda sawa, niseme ukweli. Nimevaa viatu vya Kariakoo miaka mingi bila kufika Kariakoo.

Mara moja vilikuja viatu vya mguu wa mtoto. Muuzaji akanijibu kwa emoji ya kucheka, kisha akaniblock. Nikapiga huduma kwa wateja ya mtandao niliolipia. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole kupindukia: nimeweka namba ya siri mwenyewe, jina nililiona, muamala ni halali. Wao hurudisha hela iliyokosea njia, iwapo mpokeaji hajaitoa. Ya kwangu haikukosea njia. Ilifika kwa yuleyule niliyemtumia.

Nilikasirika, kisha nikaona alikuwa sahihi. Pochi ya simu imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaojuana. Inaharakisha hela kufika, na haraka hiyohiyo ndiyo inayokuumiza kwa mgeni.

Kwa hiyo kwa wageni naangalia mambo tofauti. La kwanza ni jina. Duka linalojiita boutique likinipa namba ya kawaida, na jina linalotokea ni la mtu ambaye ukurasa wote haumtaji, nauliza. Mwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara ananipa usingizi zaidi kidogo. Nasema kidogo, maana kibandiko si kiapo.

La pili ni muuzaji wa hapahapa. Wapo wauzaji wa Dodoma wanaokuletea na bodaboda hadi Nkuhungu au Area D, unakagua, unajaribu, unalipa mlangoni. Bei yao ipo juu kidogo. Naona ile ziada ni bima, na ni bima ya bei nzuri.

La tatu ni kadi, kwa vitu vya nje ya nchi: programu za kompyuta, vitabu, vipuri vya simu kutoka China. Mitandao mikubwa na baadhi ya benki wanakupa kadi ya Visa au Mastercard isiyoshikika: namba, tarehe ya mwisho, tarakimu tatu za nyuma, vyote ndani ya simu. Inakaa tupu. Unaiwekea kiasi cha kitu unachonunua, unanunua, inabaki tupu tena. Zile huduma za "jaribu bure mwezi mmoja" zikirudi mwezi wa pili kukata kimyakimya, zinakuta hakuna kitu. Na kadi ina kitu ambacho pochi ya simu haina: mzigo usipofika, unaweza kuyapinga malipo kupitia aliyekupa kadi, na muuzaji akatakiwa kuonyesha ushahidi. Inachukua muda na fomu, lakini njia ipo.

Angalia tu bei ya dola wanayokukatia. Makato ya kadi unayaona; yale yaliyojificha kwenye kubadilisha shilingi huyaoni mpaka upige hesabu mwenyewe.

Kadi ya benki unakopitia mshahara wangu siiandiki popote mtandaoni. Hapo sina mjadala.

## Kampuni ikibadili jina

Novemba 2024, Tigo ilipogeuka Yas, mjomba alinipigia akiwa na wasiwasi wa kweli: "Hela yangu ya Tigo nimwendee nani?" Nilimwambia abonyeze *150*01# kama jana. Salio likawa palepale. Lakini swali lake si la kuchekwa. Hela ya kwenye simu iko wapi hasa?

Jibu ni kwamba haitakiwi kuwa mfukoni mwa kampuni ya simu. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 na kanuni zake zinataka fedha za wateja zikae kwenye akaunti za dhamana katika mabenki, kando na fedha za biashara ya kampuni. Riba ya akaunti hizo ndiyo ile hela ndogo unayoona ikiingia mara kwa mara ukadhani ni bahati.

Kwa hiyo mimi siogopi kampuni kubadili rangi. Naogopa mlango wa mbele: anayepiga akijiita mtoa huduma, ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kijana wa kusajili laini anayekuomba uweke kidole mara ya pili kwa sababu "cha kwanza hakijasoma". Bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta ngeni, nenda ikafutwe. Meseji za matapeli zina namba yake ya kuripotia, 15040. Na laini yenye hela usiiache imelala kwenye kabati, maana laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine.

## Moja au tatu

Mwishowe nilimjibu mdogo wangu. Nilimwambia: kwa nyumbani, usipakue chochote. Bonyeza menyu ya kawaida ya mtandao ambao mama mdogo atakutajia siku hiyo, haili nafasi ya simu wala bando. Kwa ada na vitu vya serikali, programu ya benki yako, unalipia kontroo namba na risiti inabaki. Kwa kununua mtandaoni, kadi isiyoshikika, ikae tupu.

Alinyamaza, kisha akatuma sauti nyingine. "Kaka, nimekuuliza moja. Umesubiri mwezi, umenipa tatu, na ya kwanza umesema nisipakue."

Sikuwa na utetezi.

Juzi nimempigia kujua aliamua nini. Amepakua moja tu, na katika sababu zake hakuna niliyoigusa mimi. Chumbani kwao hosteli wako wanne, wananunua unga, mafuta na dagaa kwa kuchanga, na wenzake watatu wote wako mtandao mmoja. Wanatumiana 1,500, 2,000, mara mbili kwa siku, na hakuna anayetoa. Akaniambia hajagusa noti tangu Jumatatu, isipokuwa nauli ya daladala. Nikamuuliza na mama mdogo je?

"Huyo namtumia kwako," akasema. "Wewe ndiye unayejua laini yake."